Kwa Nini Wamarekani Wamenenepa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kila watu wazima 100 wa Marekani, 13 hivi walikuwa wanene kupita kiasi. Kufika mwaka wa 2018 walikuwa 42. Wengi husema ya kuwa ni ulafi tu. Je, ulafi ulizaliwa juzi? Natutazame sababu.

Kwanza, vinywaji. Chupa ya zamani ya Coca-Cola ilikuwa na mililita 192 hivi. Chupa ya plastiki ya siku hizi ina 591, yaani mara tatu.

Pili, miguu imepumzika. Wengi huketi kazini, na hata dukani huenda kwa motokaa.

Tatu, vyakula vya viwandani. Mwaka wa 2019 mtaalamu Kevin Hall na wenzake walitangaza jaribio lao. Watu 20 walipewa vyakula hivyo kwa majuma mawili, na vyakula visivyo vya viwandani kwa majuma mawili, kila mtu ale mpaka atosheke. Sukari na mafuta yaliyoandaliwa yalilinganishwa. Hata hivyo, kwa vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja.

Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni chakula. Basi, wenzangu, kabla ya kumcheka mtu mnene, tutazame kwanza kilichomo sahanini mwake, na mwetu pia.