Gari Lenye Turbo Wakati wa Joto

Kati ya Desemba na Machi, joto la mchana jijini Dar es Salaam hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na chini ya boneti ya gari lililokwama kwenye foleni huwa kali zaidi ya hapo. Somo hili linamhusu mmiliki wa gari lenye turbo, liwe pikapu ya dizeli au gari dogo la petroli.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moshi utokao kwenye injini huzungusha feni ya kwanza. Ya pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini, ili mafuta mengi zaidi yaungue na nguvu iongezeke. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo ndio uhai wa turbo.

Hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kwa takriban asilimia 5 kuliko ya nyuzi 20. Kwa hiyo gari kupungua nguvu kidogo mchana si ugonjwa, na mtumiaji asikubali kuuziwa kifaa kwa sababu hiyo pekee. Hewa iliyoshindiliwa nayo hupata joto, ndiyo maana hupozwa kwanza katika kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Kikizibwa na vumbi na wadudu, nguvu hupotea, na injini ya petroli huweza kuanza kugonga. Kioshwe pamoja na rejeta, kwa maji yasiyo na msukumo mkali. Rejeta itiwe kulanti iliyoelekezwa na mtengenezaji, si maji ya bomba, na mfuniko wake usifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Kosa la gharama kubwa zaidi hufanyika gari likiwa limesimama. Dereva hupanda Kitonga akiwa na mzigo, hufika kileleni, huegesha na kuzima injini papo hapo. Oili huacha kuzunguka ilhali turbo ingali na joto kali. Ile iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi magumu yanayoziba njia. Unashauriwa kuiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Baadhi ya magari mapya yana pampu ya umeme inayoendelea kupoza baada ya kuzimwa. Kitabu cha gari kitakueleza.

Oili ibadilishwe kwa wakati, na iwe ya daraja lililoandikwa katika kitabu hicho. Kagua lakiri ya kopo na alama ya ubora ya TBS, kisha dai risiti ya EFD. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni sababu ya kutilia shaka.

Ukiambiwa turbo imekufa, uliza kilichoiua. Bomba la kupeleka oili likiwa limeziba na lisibadilishwe, turbo mpya nayo itakufa, na dai lako la dhamana litabishaniwa. Risiti itaje kazi yote iliyofanyika, nawe uondoke na kifaa cha zamani mkononi.