Kuichambua 492,441 kwa kalamu na karatasi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, Bumbuli ikiwemo. Mwalimu wa hisabati wa Soni au Mlalo anayetaka namba kubwa ya kufundishia vigawo asibuni nyingine. Hii inatosha, tena wazazi wa wanafunzi wake wamo humo.

Tazama kwanza tarakimu ya mwisho. Ni 1, basi 2 na 5 ziweke kando. Jumlisha tarakimu zote: unapata 24. Kwa kuwa 24 hugawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, ndivyo ilivyo hata namba yenyewe.

Kwenye 7, 11 na 13 ndipo wengi huanza kugawa kwa njia ndefu na kujichosha bure. 7 × 11 × 13 ni 1,001. Kwa hiyo ikate namba makundi ya tarakimu tatutatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 441 − 492 = −51. Hiyo 51 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, basi na 492,441 haigawanyiki. Zote tatu zimekwisha kwa mkupuo mmoja. Ila 51 hugawanyika kwa 17, na hapo wanafunzi hurukia jibu. Wazuie: kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu 17.

Gawa kwa 3, upate 164,147. Je, ni namba tasa? Kipeuo chake cha pili ni 405 na ushei, hivyo huna sababu ya kuvuka 401. Kuanzia 17 hadi 401 zipo namba tasa 73. Zigawe kwa madawati, kila dawati lichukue chache. Kila moja itaacha baki. Ni tasa kweli, na darasa limejithibitishia lenyewe.

Idadi ya Watanzania wote katika sensa ya 2022, yaani 61,741,120, ina utamu zaidi. 120 − 741 + 61 ni −560, kwa hiyo 7 imo. Ukiendelea utafika 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Hiyo 641 ni maarufu: mwaka 1732 Euler aliitumia kuonyesha kwamba 4,294,967,297, ambayo Fermat aliidhania tasa, si tasa.

Hakiki kwa kutupa tisa. Tarakimu za 61,741,120 zinaleta 22, kisha 4. Vigawo vyake, kimoja kimoja, vinaleta 1, 5, 7, 7 na 2. Vizidishe, ni 490, kisha 13, kisha 4. Zimelingana. Lakini anayenakili 429,441 badala ya 492,441 atapita salama, maana jumla ni ileile 24. Huyo mnase kwa makundi ya tatutatu: 441 − 429 ni 12, wala si −51.