Ukifika Lisbon, Anzia Kwenye Dhahabu ya Kilwa

Wasafiri wengi wakifika Ulaya hufungua simu, wakatafuta orodha ya vivutio, kisha wakashinda siku nzima wakikimbizana nayo. Jioni miguu inawaka moto, simu imejaa picha, na ukiwauliza wameona nini hawana la kusimulia. Mimi nashauri vingine. Kabla hujaondoka nyumbani, tafuta kitu kimoja kinachounganisha mji unaokwenda na kwenu, kisha kifuate kikupeleke kwenye sanaa, kwenye chakula na kwa watu. Nitaeleza kwa mfano wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuna la kudai pale.

Kitu chenyewe kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, barabara ya Rua das Janelas Verdes. Ni monstransi ya Belém, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kilichokamilika mwaka 1506. Sonara wake anatajwa kuwa Gil Vicente. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa akiwa na mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ya Kilwa ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Huko Lisbon ikafuliwa ikawa chombo hiki. Wala haya si masimulizi ya waongoza watalii: maandishi yaliyozunguka kitako chake yanasema kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Ukikifikia, acha kamera mfukoni kwanza. Inama uanzie chini. Kwenye kitako utaona ndege, maua na konokono, vidogo vidogo, vimetiwa rangi zinazong'aa hadi leo. Panda hadi shingoni, penye matufe ya nembo ya Manuel, mfalme aliyejiona ana dunia mkononi. Juu yake mitume 12 wamepiga magoti, na kila mmoja ana uso wake. Zunguka kabati la kioo, utazame na upande wa nyuma ambao wageni wengi hawaufikii. Kipe hata nusu saa, hutajuta. Ni kazi ya mikono nzuri mno, na mali yake ilipatikana kwa vitisho. Mwaka 1505, kabla sonara hajamaliza, Wareno walirudi Kilwa na kuuteka mji. Ukiujua mkasa huo, hutakitazama kama pambo tu.

Katika jengo hilohilo tafuta viambaza vya kukunja vya Kijapani viitwavyo namban. Wachoraji wa Japani waliwachora Wareno wakishuka melini, suruali zao zimefura, pua zao ndefu. Tazama mabaharia na wabeba mizigo: wamo watu weusi, na Mjapani amewachora bila kuwaruka.

Baadaye panda tramu uende Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, ambako monstransi ile iliwahi kuwekwa na ambako Vasco da Gama amezikwa. Kwa anayeijua nguzo aliyoisimamisha Malindi, kaburi hili lina uzito wa pekee. Nenda asubuhi na mapema, kwani foleni ya hapo haina huruma. Mnara wa mabaharia ulioko ufukweni ni wa mwaka 1960 tu; utazame ukipita, inatosha. Karibu na hapo kuna duka la vitobosha vya maziwa na mayai, Pastéis de Belém, lililoanza mwaka 1837. Usijiunge na foleni ya barazani ya wanaonunua na kuondoka. Ingia ndani, kuna vyumba vingi vya kukaa. Agiza viwili vya moto, unyunyizie mdalasini.

Sanaa nyingine ya Lisbon haina kiingilio, nayo ni vigae. Kuta za nyumba, makanisa na hata vituo vya treni za chini ya ardhi zimevikwa vigae vilivyochorwa. Treni hizo zilianza mwaka 1959, na vituo vingi vya mwanzo vilipambwa na msanii mmoja, Maria Keil. Shuka kituo cha Intendente uione kazi yake kwa nauli ya treni tu. Ukipenda kuzama zaidi, nenda Makumbusho ya Vigae, katika nyumba ya zamani ya watawa ya Madre de Deus. Huko kuna picha ya vigae yenye urefu wa mita 23 hivi, inayoonyesha mji ulivyokuwa kabla ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 kuuangusha.

Sasa chakula, na hapa ndipo wageni wanapolizwa. Kula mlo wako mkubwa mchana. Tafuta vijumba viitwavyo tasca, vyenye karatasi juu ya meza badala ya kitambaa na menyu iliyoandikwa kwa mkono ukutani, ukaulize chakula cha siku, prato do dia. Mhudumu atakuletea mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza lolote. Si zawadi: ukivila, vitaingia kwenye bili. Kama huvitaki, mwambie kwa upole avirudishe, hakuna atakayekasirika. Bacalhau, yaani ng'onda wa samaki wa bahari za baridi, utamkuta kila mahali, na mchanganyiko wake na mayai na viazi vyembamba ni wa kuanzia. Asiyekula nguruwe aseme mapema, "sem carne de porco", maana hata supu ya mboga huwekwa kipande cha soseji. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa mezani nje, mara nyingi bei hupanda.

Jioni nenda Mouraria, jirani na Intendente. Huko utapata maduka ya halali ya Wabangladeshi na mikahawa ya watu waliotoka nchi zilizotawaliwa na Ureno. Agiza cachupa ya Cape Verde: mahindi na maharage yaliyopikwa polepole, makande kabisa, ila uulize kwanza kuhusu nyama iliyomo. Kisha teremka hadi uwanja wa Largo de São Domingos, ambako Waafrika, hasa wa Guinea-Bissau, hukutana kupiga soga. Salimia kwanza, picha baadaye, na kwa ruhusa. Kwa maoni yangu, mgeni aliyefika Lisbon asifike hapa ameona nusu ya mji.

Viatu viwe vya soli inayoshika. Njia za miguu ni za mawe ya chokaa, milima ni mingi, na mvua ikinyesha mawe hayo huteleza vibaya. Tramu namba 28 ni nzuri lakini husongamana na wachomoaji huipenda, kwa hiyo ipande alfajiri au tembea njia yake kwa miguu. Nunua kadi moja ya usafiri, uijaze tiketi ya saa 24. Inatumika kwenye basi, tramu na treni za chini ya ardhi.

Kabla ya kukata tiketi ya ndege, angalia tovuti za makumbusho, maana majengo ya zamani hufungwa kwa ukarabati, wakati mwingine kwa miezi. Na katika wiki ya kawaida, makumbusho mengi ya taifa hufungwa Jumatatu. Siku hiyo iachie Mouraria.