Mgonjwa Ugenini

Jumatano

Soma Wafilipi 2:25–30 na 4:18. Ni jambo gani lililomhuzunisha Epafrodito katika ugonjwa wake?

Washiriki wa Filipi walichanga walichokuwa nacho kwa ajili ya Paulo aliyekuwa kifungoni, wakamtuma Epafrodito akipeleke. Kama kifungo hicho ni kile cha Rumi, jinsi wengi walivyoelewa tangu zamani, safari hiyo ilizidi kilomita 1,000: njia ya nchi kavu kukatisha Makedonia, merikebu kuvuka bahari ya Adria, kisha mwendo mrefu tena ndani ya Italia. Paulo hamtaji mwenzake wa njiani. Anachotaja ni kwamba mjumbe huyu aliugua, wala si ugonjwa wa kulala siku mbili na kuamka. Alikaribia kufa.

Tungetazamia mtu wa hali hiyo ajihurumie mwenyewe. Lakini fungu la 26 laonyesha kwamba alihuzunika kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wamesikia habari zake. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ndilo Mathayo analotumia kueleza uchungu wa Yesu kule Gethsemane (Mathayo 26:37). Anayeugua ugenini hubeba mizigo miwili: mwili unaouma, na wale walio mbali wasiopata usingizi wala kuweza kumletea hata kikombe cha uji. Wafilipi walijua kwamba ni mgonjwa. Kama angali hai, hawakuwa na namna ya kujua mpaka aje mtu mwingine kutoka huko.

Linganisha Matendo 28:8, 9 na 2 Timotheo 4:20. Tofauti hii inatufundisha nini kuhusu kuwaombea wagonjwa?

Huko Melita, baba yake Publio alipona homa na kuhara damu Paulo alipomwekea mikono. Trofimo, mwenzake Paulo wa safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa. Mtume ni yule yule, na Mungu ni yule yule. Epafrodito naye alipona, lakini Paulo hasimulii muujiza wowote. Anasema tu kwamba Mungu alimhurumia, tena anakiri kwamba huruma hiyo ilimfikia yeye Paulo pia, maana msiba huo ungemwongezea huzuni juu ya ile aliyokuwa nayo. Hajifanyi jasiri. Basi tusiwe wepesi kumwambia mtu aliyelazwa katika mji asioujua kwamba imani yake ni haba.

Fungu la 29 mara nyingi tunalipita upesi. Kwa nini Paulo awaagize Wafilipi wampokee ndugu yao kwa furaha na kumheshimu? Pengine kwa sababu mtu aliyetumwa kuhudumia, kisha akarudi amekonda baada ya kuhudumiwa yeye, huonekana ameshindwa kazi. (Maneno ya namna hiyo hayakosi katika kanisa lolote.) Paulo anaiwahi minong'ono hiyo: anamwita ndugu, mtenda kazi na askari mwenzake, aliyeuhatarisha uhai wake.

Leo Epafrodito aweza kuwa mwinjilisti wa vitabu aliyepanda basi kutoka Musoma hadi Mtwara, akashikwa na malaria kali katika nyumba ya wageni. Simu imezima. Hospitalini anaulizwa ndugu wa karibu ni nani, naye hawezi kusema sawasawa. Kuandika namba ya mke na ya mchungaji kwenye karatasi, ikakaa pamoja na kitambulisho, si kukosa imani. Tena katika hospitali zetu nyingi ndugu ndiye anayeleta chakula, anayefua nguo na kufuata dawa dirishani. Asiye na ndugu hubaki akimtegemea jirani wa kitanda cha pili, ambaye naye ni mgonjwa.

Jadilianeni darasani: Mnapoandika mahudhurio Sabato hii, ni nani aliye safarini, na ni nani kati yenu anayejua namna ya kuwapata watu wa nyumbani kwake? Katika hospitali iliyo karibu na kanisa lenu, ni lini mara ya mwisho mliwauliza wauguzi kama wodini kuna mgeni asiye na mtu wa kumletea chakula?