Madirisha ya Nyumba Mpya: Chagueni Pamoja



Somo letu mwezi huu ni madirisha. Msishangae. Katika kuwafundisha wanandoa hapa Rongo, Jimbo la Homa Bay, nimesikia ugomvi mwingi unaoanzia kwenye pesa, na nyumba mpya humeza pesa kweli kweli. Mume na mke huafikiana juu ya kiwanja, matofali na mabati. Wakifika kwenye madirisha, mmoja hujiamulia.

Nami nilifanya hivyo. Malipo ya miwa yalipoingia, nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori. Niliagiza madirisha mawili ya futi 5 kwa 4 ya sebule, yaelekee barabarani. Ya chumba cha kulala na ya jikoni nikaagiza ya futi 2 kwa 2, maana nani atayaona? Mama watoto aliyaona kwa mara ya kwanza yakishushwa kutoka kwenye mkokoteni. Hakusema neno. Alisema mwaka uliofuata, usiku mmoja baada ya sala, kitinda mimba wetu akikohoa: "Baba, wageni wetu wanavuta hewa safi kuliko watoto wako."

Miwa huchukua kama miezi 18 tangu kupandwa hadi kukatwa. Basi kosa la asubuhi moja lilitukaa muda mrefu.

Katika Luka sura ya 14, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Katika ndoa mtu huyo ni wawili. Ingieni pamoja ndani ya jengo kuta zingali za magotini. Mmoja aseme: hapa nitapikia, hapa nitanyonyesha, hapa watoto watasomea. Anayeshinda nyumbani anaijua nyumba kuliko anayerudi jioni, na neno lake lipewe uzito.

Kuhusu ukubwa, iko kanuni ya ujenzi inayosema dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina futi za mraba 120, kwa hiyo kinahitaji dirisha la futi za mraba 12, yaani 4 kwa 3. Langu la 2 kwa 2 lilitoa 4 tu! Ikiwezekana, chumba kiwe na madirisha katika kuta mbili ili upepo upite. Dirisha la magharibi hupokea jua la alasiri, na chumba hicho huwa bado na joto mnapokwenda kulala. Waulizeni majirani pia mvua ya mchana huja kutoka upande gani.

Mbao ni nzuri, lakini mchwa wa kwetu mnawajua. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kuwekwa ukutani. Siku hizi kuna alumini ya kuteleza, nayo inapendeza. Ila dirisha la vioo viwili vya kuteleza hufunguka nusu tu, kwa hiyo hesabuni hewa ya nusu. Na tusikope kwa sababu jirani ameweka.

Halafu mbu. Kenya ilipoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, uzinduzi ulifanyika Kaunti ya Homa Bay, na sababu tunaijua sisi wa upande wa ziwa. Wekeni wavu wa waya kwenye madirisha, na pia kwenye nafasi kati ya ukuta na paa, maana mbu wa malaria hupenda sana kuingilia hapo. Chandarua cha kitandani kibaki palepale. Matundu ya hewa yawekewe wavu, yasizibwe kwa magunia. Jiko la makaa likiachwa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hawaamki.

Jambo la grili linanisumbua zaidi. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka. Sheria ile ilijali uhai wa waliomo. Grili iliyochomelewa kwenye kila dirisha humzuia mwizi, na moto ukiwaka mlangoni humzuia mtoto kutoka. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja ya bawaba, yenye kufuli upande wa ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anafikia, lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Wanaume wengi hunipinga hapa. Nami sijabadili neno langu.

Sisi hatimaye tuling'oa dirisha moja la sebule tukalipeleka chumbani. Fundi alivunja ukuta na kumwaga linta mpya. Lile dogo likawekwa sebuleni, limezungukwa na matofali ya rangi tofauti. Wageni wakiuliza, mama watoto huwasimulia akicheka.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii: Ni dirisha gani mwenzako angelibadilisha, na umewahi kumuuliza? Usiku moto ukizuka, mtatokea wapi, na watoto je?