Jenga Kwanza, Njiwa Waje Baadaye

Njiwa wangu wa kwanza, jozi mbili, walikaa kwangu siku tatu. Niliwaleta Jumamosi, nikawaweka kwenye kasha lililotundikwa ukutani, Jumanne asubuhi nikawafungulia. Walizunguka juu ya paa mara mbili wakashika njia ya kwao, kwa muuzaji, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Njiwa manga hasahau alikokulia. Ukitaka wakae kwako, andaa nyumba kabla hujatoa hela ya njiwa.

Mbao za paleti zinatosha, pamoja na papi za kushikilia pembe na kipande cha bati cha kuezekea. Bati litokeze mbele kama kofia ili mvua isiingie. Chumba kimoja kiwe na upana wa sentimita 30, kimo 30, kina 35. Mlangoni acha kizingiti cha sentimita 5 hivi, mayai yasibiringike nje, na mbele yake pigilia ubao wa kutua.

Kila jozi ipewe vyumba viwili. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jike hutaga mayai mawili, na mara nyingi hutaga tena makinda wa kwanza wakiwa bado kiotani. Chumba kikiwa kimoja, makinda hukanyaga mayai mapya, au wazazi huwaacha kabla hawajaweza kujilisha. Vikiwa viwili, dume huendelea kulisha huku, jike anaanza upya kule.

Kuatamia huchukua siku 17 au 18, nao hupeana zamu. Kaa kimya karibu na banda kama saa nne asubuhi utaona. Dume hutua, huguruma kidogo, huingia. Jike hunyanyuka taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, mayai yasiguswe, na dume hujisogeza chini yake kabla hayajapoa. Atabaki hapo mpaka alasiri, kisha jike arudi kulala nayo usiku. Mimi tendo hili nimeliona mara nyingi na bado husimama kulitazama.

Banda likae juu ya nguzo ya mita mbili au zaidi, mbali na ukuta na matawi. Zungushia nguzo bati laini lenye upana wa sentimita 60, lianzie juu ya mita moja, ili kucha za paka zikose pa kushika. Paka wangu hula vizuri asubuhi na jioni, ila paka aliyeshiba naye huwinda. Usiliweke banda juu ya tangi la maji wala karibu na paa unalokingia maji ya kunywa. Kinyesi kilichokauka kinyunyizie maji kwanza, funga kitambaa puani, ndipo ukwangue, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Na kwa kuwa kideri cha njiwa kinaua, muulize mtaalamu wa mifugo wa eneo lako habari za chanjo.

Ukifika wakati wa kununua, chagua wachanga ambao hawajaanza kuruka mbali. Njiwa mkubwa anaweza kukaa miezi kwako na bado akaondoka. Kama ni wakubwa tu wanaopatikana, wafungie ndani wazae, uje uwaachie watoto wao.

Wachanga wote wafungie wiki tatu. Mbele ya banda weka kizimba cha waya wa kuku, waone paa lako, mwembe wako, watu wako. Wape mtama, mahindi yaliyopasuliwa na choroko, pamoja na changarawe laini na maganda ya mayai yaliyosagwa. Maji yawe na kina, kwa sababu njiwa huzamisha mdomo na kufyonza. Kila unapowalisha, tikisa kopo la nafaka kwanza.

Siku ya kuwaachia, usiwape chakula tangu asubuhi. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua limepoa. Usimshike yeyote kumrusha. Ondoa waya, rudi nyuma hatua kumi, waache watoke wenyewe, wapande paa, watazame. Kisha tikisa kopo.