Ripoti ya oda haiji asubuhi? Anza na saa ya seva

Wauzaji wenzangu, kazi uliyoipanga kwenye kron isipofanya kazi, mzigo wa mteja aliyelipa usiku unakosa basi la asubuhi. Na ukiiendesha kwa mkono inakubali! Andika date kwenye seva. Ikionyesha UTC, iko nyuma ya saa yetu kwa masaa 3. Kwa hiyo ripoti ya saa 2 asubuhi haiandikwi 0 2 * * * wala 0 8 * * *, ni 0 5 * * *.

Saa iko sawa na bado kimya? Kron haijui programu zako zimekaa wapi, iandikie njia kamili: /usr/bin/python3 /home/duka/ripoti.py. Mwishoni ongeza >> /home/duka/kron.log 2>&1. Mimi bila hiyo logi sigusi kitu. Kesho yake fungua faili hilo, kosa utalikuta limeandikwa humo.